Marehemu Agoma Kushuka Ukutani

Jumatatu, 2 Juni

Habari mbaya. Nimeipata njiani, kwa seremala wa studio, tena akiwa anatafuna kitu. Amesema Mjane anaolewa.

Sikumwelewa. Nikamwuliza mjane yupi. Akasema mjane wako, mjane gani mwingine. Nikaegemea ukuta wa duka la saruji, nikaondoka pale mgongo mzima mweupe.

Niandike kwa utaratibu, maana siku moja shajara hii itachapishwa na wasomaji wasije wakababaika. Mimi ni mwigizaji. Miaka thelathini na miwili! Jukwaani nimekuwa mfalme mara nne, daktari mara sita, na mlevi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Katika filamu nimetokea mara moja, mlango unapofunguliwa, na kiwiko changu kinaonekana bila shaka yoyote. Kwenye runinga nilikuwa Baba, kichwa cha familia, katika ile tamthilia ya kila Jumatano jioni. Miaka saba iliyopita nilidai jina langu litangulie mengine mwanzoni mwa kipindi. Wiki iliyofuata nikafa. Wala sikupewa nafasi ya kufa mbele ya kamera. Simu ililia, Mjane akapokea, akapiga ukelele, basi. Msanii wa hadhi yangu nimekufa kwa simu! Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Marehemu. Hata muuza magazeti huniambia shikamoo Marehemu, bila kucheka.

Lakini picha yangu ilibaki. Inaning'inia kwenye ukuta wa sebule ya tamthilia, kati ya saa isiyotembea na kabati la vikombe. Fremu nyeusi ya mbao. Uso nimeugeuza kidogo kushoto, kwa sababu sikio la kushoto lina ukaidi wake. Na kila Jumatano, kabla kipindi hakijaisha, Mjane husimama mbele ya picha hiyo akazungumza nami. Dakika moja. Akiwa na mengi, moja na nusu.

Sasa wamemwandikia harusi. Siku ya harusi ataishusha picha kwa mikono yake mwenyewe, ataifunga kitambaa na kuiweka sandukuni. Wanarekodi Jumatano ya wiki ijayo.

Sitakubali. Nimeapa mbele ya kioo, kwa sauti ya kutoka tumboni. Dada akagonga mlango akauliza kama naumwa.

Jumatano, 4 Juni

Nimetazama kipindi pamoja na dada. Nakaa kwake, chumba cha nyuma, kati ya majora ya vitambaa na sanamu yake ya kupimia nguo, ambayo haina kichwa lakini ina adabu kuliko wateja wake. Yeye ni fundi cherehani. Kipindi hakitazami kwa ajili ya hadithi. Anatazama mishono, na kila Jumatano lazima amkamate mtu na pindo lililolegea.

Leo Mjane alisimama mbele yangu, akasema mvua imenyesha kutwa, na amekumbuka nilivyokuwa nasahau mwavuli kila niendako, mpaka yeye akawa anatoka na miwili. Machozi yalinilengalenga. Dada akauliza Baba alikuwa na mwavuli lini, mbona vipindi vyote alikuwa anatembea kwa gari lenye dereva. Nikamwambia hajui sanaa.

Ila kweli. Mimi mwenyewe, enzi za jukwaani, nilikuwa nasahau miavuli. Na siku za mvua Mjane alikuwa na mwavuli wa ziada, sijui kwa nini. Bila shaka waandishi wa tamthilia wameyachunguza maisha yangu kwa kina. Msanii mkubwa hana siri.

Tuliigiza pamoja miaka kumi na minne, ukumbi mmoja. Tumeoana mara thelathini na moja. Tumeachana mara tisa. Nimemuua mara mbili, na yeye alinilisha sumu msimu mzima, hata siku za Jumapili. Pazia likishuka tulikuwa tunaagana vizuri tu, kila mtu na njia yake. Yeye aliachika zamani, kabla sijamjua. Mimi sikuoa. Nilikuwa nangoja wakati mzuri wa kusema jambo fulani, na wakati mzuri unataka taa nzuri, na taa za ukumbi ule zilikuwa mbovu. Miaka ikaenda.

Niseme wazi, maana hapa hakuna anayenisikia. Namtamani. Ile dakika moja ya Jumatano ndiyo inayoniweka hai, ingawa naisikiliza nikiwa marehemu. Hakuna mtu mwingine duniani anayenieleza siku yake ilivyokwenda. Dada hunieleza, lakini kwa kulaumu.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango umepatikana! Watazamaji wataandamana. Kwa kuwa hawajui kama wanapaswa kuandamana, nimewaandikia mimi.

Barua kumi na moja. Nne kwa mkono wa kulia, nne kwa wa kushoto, tatu kwa herufi kubwa tupu. Mwalimu mstaafu. Mwenye saluni. Nahodha wa meli, aliyeandika akiwa safarini. Mgonjwa aliyelazwa, ambaye daktari amemwonya kwamba mshtuko wa kuondolewa picha unaweza kumrudisha chumba cha upasuaji. Wote wanasema kitu kimoja: picha ibaki. Kwa nahodha nilitia chumvi kidogo, nikamfanya alie.

Nimezipeleka mwenyewe mapokezi, kichwa nimekiinamisha, kofia hadi kwenye nyusi. Dada wa mapokezi akanishukuru. Akasema asante sana Marehemu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeitwa na mwongozaji. Nilimfundisha kupumua, binti huyu, alipokuwa na miaka kumi na tisa. Leo ana kiti chenye jina lake. Bado ananiita mzee wangu, kwa ile sauti ya mtu anayemshika kipofu mkono.

Barua zangu zilikuwa zimepangwa mezani, moja moja. Akasema zimemgusa sana. Nikasema sishangai, wananchi wana uchungu. Akasema ana swali dogo. Mwalimu mstaafu, nahodha, mgonjwa na mwenye saluni, hawa watu wanne wasiojuana, imekuwaje wote wakasifia kiwiko changu katika filamu ile? Yeye alisomea filamu, na hajawahi kukutana na mtu hata mmoja aliyeiona.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata kwenye kona.

Nikabadilisha silaha palepale. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza kwa kuhesabu hadi saba, kama nilivyomfundisha yeye mwenyewe. Nikasema sina ninachodai. Nataka tu kuwapo siku picha inaposhushwa. Niagane nayo. Nikae nyuma kabisa, mgeni wa harusi asiye na neno.

Akasema maiti haiwezi kuhudhuria harusi ya mjane wake, watazamaji watapiga simu. Nikasema ndevu. Akafikiri. Akasema ndevu na miwani, safu ya mwisho, na nisiigize. Akarudia mara mbili hilo la kutoigiza.

Nimeingia ngomeni! Binti mzuri, moyo laini. Sitamsahau nitakapokuwa nashukuru watu.

Jumatatu, 9 Juni

Dada amenishonea ndevu kutoka kwenye kola ya koti la manyoya la mteja aliyehama na kuliacha. Zinawasha mno. Nimekuwa nikijikuna tangu asubuhi. Mteja mmoja alipoingia kupima gauni akanikuta kizani kwenye kona, akaomba arudishiwe kitambaa chake.

Dada ananiambia niache upuuzi. Kama nampenda yule mwanamke, niende kwake nikabishe hodi, ana mlango kama watu wengine. Nikamwambia mambo hayo yana hatua zake. Kwanza ukuta, kisha mlango. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia mimi nilishakufa miaka saba iliyopita, kwa hiyo methali hiyo hainihusu. Alikuwa na pini mdomoni, akashindwa kujibu. Ushindi wa kwanza wiki hii.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya mazoezi. Mambo matatu.

La kwanza, Bwana Harusi. Ni Kidevu! Kati ya wanaume wote wanaoigiza, wamempa Kidevu. Huyu alikuwa mbadala wangu jukwaani miaka tisa, kazi yake kushika nafasi yangu nikiugua. Sikuugua hata siku moja, kwa makusudi. Usiku mmoja niliigiza na homa inayotetemesha taji, nikamwona kando ya pazia ananitazama kama fisi anayengoja mkono wa mtu udondoke. Leo kaniona na ndevu zangu, akanitambua kabla sijaketi. Akanipa mkono, akasema pole kwa msiba. Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia suti inambana makalio.

La pili, mama anayetunza mwendelezo, yule anayeandika kikombe kilikaa wapi leo ili kesho kikae palepale. Nilitaka kujua Mjane ataniambia nini siku ya mwisho, nikamwomba anionyeshe ukurasa. Akanionyesha. Pameandikwa: anaitazama picha, anaishusha. Nikauliza maneno yako wapi. Akasema hayapo. Akasema hayajawahi kuwapo. Miaka saba yote waandishi wanaandika anaitazama picha, basi, na yale mengine Mjane anayatoa kichwani mwake, na walipowahi kujaribu kumwandikia alikataa katakata. Kisha akaniangalia juu ya miwani muda mrefu, akaniuliza kama nimesikia alichosema.

Nimesikia! Nilitoka pale nikiwa mwepesi wa furaha. Picha yangu ina nguvu kiasi kwamba inamfanya mtu aseme maneno ambayo hayakuandikwa! Wangapi wanaweza hivyo? Waigizaji wazima, wenye miguu, hawawezi. Ndiyo maana haifai kushushwa.

La tatu ni siri. Mchana watu wote walikwenda kula. Nikabaki. Kisanduku cha seremala kilikuwa wazi. Nikachukua bisibisi na skrubu kumi na mbili, kila moja ndefu kuliko kidole changu cha kati, nikaifunga fremu ukutani pande zote nne. Kabla ya hapo nilipaka gundi ya mbao nyuma yake, sikubania. Nikafunika vichwa vya skrubu kwa rangi ya viatu.

Mpango ni huu. Mjane atavuta. Picha itakataa. Atavuta tena. Itakataa tena. Mwongozaji atachoka, muda utakuwa unakwenda, atasema basi iacheni ibaki. Na watazamaji watasema marehemu amegoma! Sijawahi kupata wazo safi namna hii. Mikono bado inanuka rangi ya viatu.

Jumatano, 11 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwa ubavu, kwa sababu ya sehemu iliyoumia.

Nilisahau jambo moja. Mimi, mwenye miaka thelathini na miwili ya kazi! Nimeingia na kutoka kwenye nyumba za uongo tangu ujana, nafunga milango yake kwa vidole viwili ili nyumba isiyumbe. Ukuta wa studio si ukuta. Ni ubao mwembamba uliopakwa rangi, umesimamishwa kwa magongo na mifuko ya mchanga nyuma yake. Picha ilikuwa imeshikamana na ukuta barabara. Ukuta haukuwa umeshikamana na kitu.

Ilikuwa hivi. Wageni tumesimama, glasi tupu mikononi, keki ya ghorofa tatu kwenye meza. Ghorofa mbili za chini ni povu gumu la plastiki lililopakwa chokaa. Mjane akaisogelea picha. Amevaa kijani. Dada angesema pindo limekaa sawa. Akasema amekuja kuaga. Akasema hajui kama nilikuwa namsikia miaka yote hii. Akasema, kila jioni ulinishika mkono, na pazia likishuka ukauachia, na mimi nikawa nangoja siku utakayosahau kuuachia.

Hapo sikuelewa vizuri. Nyumba ya Baba ina mapazia, ndiyo, lakini hakuna kipindi tulichoyashusha. Nikasema moyoni labda ni la chumbani. Ndevu hata hivyo zilikuwa zimelowa.

Akavuta. Picha ikakataa. Akavuta kwa mikono miwili. Ikakataa! Nilitaka kupiga makofi. Mwongozaji hakusimamisha kamera. Na mambo yangeishia hapo, kama si kiherehere cha Kidevu, ambaye hakuandikiwa kusaidia mtu. Akaja mbio, akamwomba Mjane asogee, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja kujipa nguvu, akashika fremu, akavuta kwa hasira ya miaka tisa ya kungoja.

Ukuta ulikuja. Taratibu kwanza, mlio wake kama mlango wa stoo. Saa isiyotembea ikaanguka. Kabati la vikombe likafuata. Mjane, mtu wa jukwaa, alipiga hatua mbili kando bila kuangalia. Kidevu alibaki ameshikilia fremu, akashuka nayo, akafunikwa. Viatu tu vikaonekana. Keki ya povu ikaruka nzima nzima ikamkuta bibi mmoja wa safu ya mbele.

Na mimi? Nilikimbia. Watu walidhani nakimbia kumwokoa Kidevu. Dada aliponiuliza jioni kama nilikwenda kumtazama Mjane kama ameumia, nilisema nilimtazama njiani. Nilikimbilia picha. Nikateleza kwenye kikombe, nikakaa kwa nguvu, ndevu zikabaki kwenye bega la mgeni. Nikainua ncha ya ukuta, nikafuta vumbi usoni pangu kwa kiganja. Haikukwaruzwa hata kidogo! Picha za studio hazina kioo, kwa kuwa kioo hurudisha taa. Nikawa nimepiga magoti hapo, marehemu katika harusi ya mjane wake, nimekumbatia uso wangu, kamera zote tatu zinarekodi.

Mjane alicheka. Si kicheko cha kazi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni na gauni lake, akashika mbavu, machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona akicheka vile, na nimemchekesha mbele ya watu kwa miaka kumi na minne. Nilitaka kwenda kukaa karibu naye. Nilitaka sana. Lakini ningeiacha picha na nani?

Kidevu hajambo. Ameshonwa nyuzi mbili, palepale penye jina lake.

Jioni kipindi kikarushwa, kilichorekodiwa mwezi uliopita. Mjane akasimama mbele yangu kwa mara ya mwisho ukutani. Akasema siku hizi bado anapika chakula cha watu wawili, mkono umezoea. Dada akazima cherehani. Hakusema kitu kuhusu mshono wowote.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepigwa marufuku kukanyaga studio. Seremala ameleta ujumbe huo, akadai na skrubu zake. Harusi itarudiwa Jumatatu, ukuta mpya, rangi ya maziwa, bila kitu chochote juu yake.

Sikutoka chumbani. Nilijaribu kukumbuka maneno yote aliyowahi kuniambia kila Jumatano. Mwavuli. Ngazi za nyumba yake zinavyomchosha magoti. Ndoto aliyoota tuko kwenye ukumbi mtupu na tumesahau maneno, wala hatuna wasiwasi. Yamenijia mengi kuliko nilivyotarajia. Jumatano ijayo hatakuwa na la kuniambia, atakuwa na mume. Wa uongo, najua. Lakini na mimi nilikuwa wa uongo, na angalia nilivyo.

Dada ameleta chai mara nne. Kwa desturi yake hiyo ni barua ya mapenzi.

Ijumaa, 13 Juni

Amekuja!

Saa nne asubuhi. Mimi nimevaa shuka na koti la dada. Nikasikia sauti dukani, ile sauti, inauliza kama Marehemu yupo. Dada akasema yupo ila hajatandika. Mungu amsamehe.

Mjane alikuwa amebeba picha yangu, na nyuma ya picha kipande cha ukuta kipana kama sinia. Seremala alishindwa kuibandua kwa sababu ya gundi, akachukua msumeno akakata ukuta wenyewe. Amepanda nayo kilima kizima, kwapani. Akaketi kwenye benchi la wateja, akahema. Dada akakumbuka ghafla kwamba uzi umekwisha, akatoka. Nyuma yake kulikuwa na vigurudumu arobaini vya uzi.

Mjane akasema amechoka kuongea na picha. Alisema hivyo, neno kwa neno. Miaka saba amesema na ubao, akitumaini kwamba mwenye uso anatazama, na sasa angependa kuona kama mwenye uso anaweza kujibu. Akasema Jumapili atapika. Saa saba mchana. Hatakuwapo mtu mwingine. Akasema hana haja ya mimi kuleta chochote, nijilete.

Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa limefika hapa, kwenye meno. Nikafungua mdomo, nikamwuliza kama kwa maoni yake taa iliangukia vizuri shavu la kulia, au wangeisogeza kidogo.

Akanitazama. Kisha akacheka kidogo, akasema Jumapili saa saba, tafadhali, akaondoka. Nilibaki nimesimama na shuka.

Jumapili! Nitamwambia kila kitu. Nitaanza na mkono, nitaushika wala sitauachia. Sasa naona alikuwa anazungumzia pazia gani. Sijalala mchana wala sijala. Namtamani mpaka kifua kinauma, na nina miaka hamsini na minane.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepiga pasi shati. Nimefanya mazoezi mbele ya sanamu ya dada, namna tatu: kwa upole, kwa kishindo, na kwa upole unaoishia kwa kishindo. Dada alisikiliza mlangoni, akasema ya kwanza, na niifupishe iwe sentensi moja. Amenipunguzia suruali kiuno bila kunitoza hata lawama. Alikuwa anaimba.

Alasiri akapita seremala, kufuata skrubu zake. Akaiona picha. Akasema ng'ambo ya mji kuna studio nyingine, wanaanza tamthilia mpya ya kila Ijumaa. Sebule ya kitajiri, na ukutani wanataka picha ya babu aliyefariki, mwanzilishi wa kampuni ya ukoo. Wanachagua kesho. Wamechoka na nyuso za kawaida, wanataka mtu anayeonekana amekufa kwa heshima.

Nikauliza kesho saa ngapi, kwa kutaka kujua tu. Akasema saa saba.

Dada aliacha kuimba. Akasema nikithubutu atakata mikono ya makoti yangu yote. Nikamwambia sijafikiria hata kidogo. Na sikufikiria, mpaka alipokwenda jikoni.

Jumapili, 15 Juni

NIMEPATA!

Naandika barazani hapa studio mpya, picha iko magotini na kipande chake cha ukuta. Tulikuwa marehemu ishirini na sita. Wengine walikuja na picha za vitambulisho, aibu tupu. Mwongozaji alipoona yangu alisema huyu tayari ana ukuta wake. Nikachaguliwa palepale! Babu wa ukoo, fremu ya katikati, juu ya kochi kubwa. Kila kipindi! Na babu hafi, kwa kuwa alishakufa. Ni ajira ya maisha.

Saa tisa na robo sasa. Simu ililia mara mbili, saa saba na nusu na saa nane, lakini fremu inashikwa kwa mikono miwili. Baadaye haikulia tena. Najua atakuwa amekasirika kidogo. Chakula kitakuwa kimepoa. Lakini ningekwenda kwake kama nani? Mtu asiye na ukuta? Mwanamke mwenye hadhi yake anastahili mwanamume aliye kazini. Ataelewa. Amekuwa akinielewa miaka ishirini na moja, wiki moja haitamzidi.

Kuna dosari moja tu katika tamthilia hii. Nimeuliza nani atakuwa akizungumza na babu. Wakasema hakuna, kuna mjukuu atakayempangusa vumbi kila kipindi, kimyakimya. Hiyo haitoshi. Huyu babu ni lazima awe na mjane, mwanamke wa makamo, mwenye sauti, anayejua kusimama mbele ya picha. Na mimi namjua mmoja. Kesho asubuhi naanza kuwashawishi, mpango wote uko kichwani. Wakikubali, atakuwa anasimama mbele yangu kila Ijumaa, ananieleza siku yake yote. Na safari hii nitamsikiliza vizuri.